Maswali yenu kuhusu dhoruba ya jua

Usiku wa 10 Mei 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua (wingu la chembe zenye umeme lililorushwa na jua) ya daraja la G5, la juu kuliko yote, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Haya ni baadhi ya maswali mliyotuma.

Dada yangu yuko Minnesota. Alinitumia picha ya anga la waridi, lakini anasema kwa macho aliona kama ukungu tu. Picha imetiwa rangi?

Hapana, dada yako anasema kweli. Gizani jicho letu halitambui rangi vizuri. Simu ikiwa katika hali ya usiku hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, na ule ukungu wa kijivu hutokea na rangi zake. Rangi zenyewe zinatoka hewani. Chembe zenye umeme zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 na kitu, hung'aa kijani. Zikiigonga juu ya kilomita 200, hung'aa nyekundu. Aliye mbali na ncha ya dunia huona ile ya juu tu ikichungulia kwenye upeo, ndiyo maana hata Florida na Mexico walipiga picha za anga jekundu. Mimi picha hizo sichoki kuzitazama.

Na sisi wa Bukoba?

Usikeshe. Aurora, yaani mwanga huo wa rangi angani, huzizunguka ncha za sumaku za dunia, nasi tuko jirani na ikweta.

Intaneti ilizorota 12 Mei, siku mbili baadaye. Si jua hilo?

Silo. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Kilichoguswa na jua ni GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo. Huko Marekani ulikuwa msimu wa kupanda mahindi, na trekta zinazofuata mstari kwa GPS zilipotea njia. Wakulima wengine wakazizima wakangoja. Mawimbi ya setilaiti hupita tabaka la juu la angahewa, na likichafuka, vipimo navyo huyumba.

Je, vyombo vya umeme nyumbani vitaungua?

Simu na friji si shabaha yake. Dhoruba huzalisha mkondo wa umeme kwenye nyaya ndefu za gridi, nao huingia kwenye transfoma kubwa. Tarehe 13 Machi 1989, gridi ya Québec, Kanada, ilianguka ndani ya dakika 2, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9 hivi. Jimbo hilo limekaa juu ya mwamba usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo mkondo ulipita kwenye nyaya.