Huyo mtoto aliwezaje?

SWALI: Mwalimu, naomba ututatulie ugomvi. Mjukuu wangu wa miezi mitatu aliweza kubatizwa Jumapili iliyopita usharikani kwetu. Mwanangu ameandika kadi ya shukrani akataja "faida za kiroho za ubatizo". Mzee mmoja wa kanisa ameikataa kadi, anasema faida ni neno la dukani, mambo ya Mungu huitwa neema au baraka. Nani yuko sahihi? – Bibi wa Kiboriloni, Moshi.

JIBU: Shikamoo bibi, na hongera ya mjukuu. Ugomvi wenu nitaumaliza upesi, maana barua yako ina jambo jingine lililonikaba tangu mstari wa pili.

Mzee wa kanisa ana hoja, ila hakuifuata hadi mwisho. Kweli faida imezoea soko. Mwenye mitumba hapo kwenu akifungua belo likamlipa, ana faida; akikuta makoti matupu na jua hili, ana hasara. Lakini neno halikuzaliwa kwenye meza ya mitumba. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana pana ya lolote limfaalo mtu, na maana hiyo haijatutoka: tunasema faida ya kulala mapema, faida ya kusikiliza wakubwa. Na hizo neema na baraka anazozitetea zimeshuka jahazi lile lile. Akimfukuza mmoja kwa sababu ya kabila, awaage na ndugu zake wawili.

Kisha afungue Biblia yake, ile ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo naamini imechakaa mikononi mwake. Wafilipi 1:21: "Kwa maana kwangu mimi kuishi ni Kristo, na kufa ni faida." Paulo alikuwa fundi wa mahema, lugha ya hesabu haikumtia aibu. Marko 8:36 ndiyo kabisa, duka zima limehamia katika aya moja: "Kwa kuwa itamfaidia mtu nini kuupata ulimwengu wote, akipata hasara ya nafsi yake?" Na kwa kuwa ninyi ni Walutheri, mkumbushe mzee darasa lake la kipaimara. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, baada ya kueleza ubatizo ni nini, anauliza unatoa nini au unafaa nini. Anajibu bila kuona haya: unaleta ondoleo la dhambi, unakomboa kutoka kifo na shetani, unawapa wokovu wa milele wote wanaoamini. Hizo ni faida, na mwenyewe amezipanga kama mtu anayehesabu vitu alivyoletewa.

Tofauti ipo, ndogo na nzuri, na pengine ndiyo mzee aliyoinusa akashindwa kuitaja. Neema inamtazama anayetoa. Faida inamtazama anayepata. Mungu hana faida katika ubatizo wa mjukuu wako, ana neema. Mjukuu ndiye mwenye faida. Kadi inasema "faida za ubatizo" kwa upande wa mtoto, basi kadi iko sawa. Ichapishwe.

Sasa turudi kwako, bibi. "Mjukuu wangu aliweza kubatizwa."

Nilipofika hapo niliweka kikombe chini. Nikajiuliza: kwani kulitokea nini? Maji yalikatika Kiboriloni? Mchungaji alikwama kwenye tope? Baba mtoto alitoroka na kitoto? Nikasoma barua yote nikitafuta hatari iliyomkuta huyu malaika, sikuiona. Ibada ilikuwa ya kawaida, maji yalikuwepo, mchungaji alikuwepo, mtoto alikuwepo. Basi alichokiweza ni kipi?

Nisikilize vizuri, maana hili nimelibeba miaka mingi. Kuweza ni kitenzi cha heshima. Kina kazi zake: kueleza uwezo (anaweza kuogelea), ruhusa (unaweza kuingia), shaka (mvua inaweza kunyesha). Kikiwa katika wakati uliopita, aliweza, mara nyingi kinabeba habari ya pili chini kwa chini, kwamba palikuwa na kizuizi na mtu akakishinda. Ninyi watu wa Moshi mnaamka mkiutazama mfano wangu kila asubuhi mawingu yakikubali. Mgeni akipanda Kilimanjaro akafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, sema aliweza kufika. Ni haki yake. Wapo wanaorudishwa kutoka Kibo wamelala kwenye machela, wengine kichwa kinawapasuka hata kabla ya kukiona kibao cha kupigia picha. Lakini mgeni huyo huyo akipanda Hiace kutoka stendi ya Moshi hadi Marangu, usiniambie "aliweza kufika Marangu". Alifika Marangu. Alilipa nauli akakaa.

Na kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo ya mjukuu wako. Tuseme wapagazi wamembeba mtu mgongoni tangu getini hadi juu kabisa, yeye kalala, kafunikwa blanketi, hajui hata kama ni mlima. Huyo utasema aliweza kufika kileleni? Hata kidogo. Utasema alifikishwa. Kazi ni ya waliombeba, kufika ni kwake. Mtoto wa miezi mitatu anaweza kunyonya, kulia, na kulowesha kanga ya bibi yake. Kubatizwa hakumo katika orodha ya awezayo, kwa sababu kubatizwa si jambo la kuweza. Ni jambo la kufikishwa.

Tazama kitenzi chenyewe. Kubatiza kimetoka mbali, kwa Wayunani, waliokuwa na kitenzi cha kuzamisha na kuchovya ambacho walikitumia hata kwa jahazi lililokwenda chini ya bahari. Kiswahili kikakipokea na kukivika mnyambuliko wetu: mbatizaji, ubatizo, batizwa. Asili yake inatosha hapo. Kinachonihusu ni ile w ndogo katikati ya batizwa. Wanafunzi wangu wa zamani Arusha waliichukia kwa sababu ya mitihani, kauli ya kutendwa hii, kauli ya kutendwa ile. Lakini katika neno hili w hiyo imebeba katekisimu nzima: mtu hajiokoi, huokolewa, hajioshi, huoshwa, hajizai mara ya pili, huzaliwa. Hata Warumi 6:4 wanashikilia mtindo huo huo, "tulizikwa pamoja naye kwa njia ya ubatizo", na sijapata kumwona maiti aliyeweza kuzikwa. Ukiipachika aliweza mbele ya kubatizwa, unampa sifa aliyebebwa na kuwanyang'anya waliombeba. Bibi umeandika uzushi bila kukusudia, na mzee wa kanisa, aliyekuwa macho kwa faida, akaupita kama hakuuona.

Unadhani natia chumvi? Chukua mbatizwa mkuu kuliko wote. Kama kuna aliyekuwa na uwezo, ni yeye. Yohana mwenyewe alisita, "Mimi nahitaji kubatizwa na wewe, nawe waja kwangu?" Na Mathayo anaendeleaje? Anasema Yesu alipokwisha kubatizwa mara alipanda kutoka majini. Alipokwisha kubatizwa. Mwandishi wa habari wa leo angeandika "baada ya Yesu kuweza kubatizwa aliweza kupanda kutoka majini ambapo aliweza kuona mbingu zikiweza kufunguka". Na Petro siku ya Pentekoste, mbele ya umati uliochomwa mioyo ukauliza utende nini, alisema "Tubuni mkabatizwe." Maneno mawili. Angekuwa mshereheshaji wa harusi zetu, watu wangefika jioni hawajaambiwa la kufanya.

Nimemtaja mshereheshaji, basi nimalize naye. Desemba iliyopita nilialikwa Kibosho, ubatizo wa mtoto wa rafiki, wakati ule ambapo kila Mchaga aliyeko duniani amerudi nyumbani na kila kihamba, shamba la nyumbani la Kichaga, kina turubai. Tukakaa, mtori wa ndizi ukapita, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapita. Tangu MC aliposhika kipaza sauti hadi ndafu ilipokatwa nilihesabu kuweza 31. "Tunakwenda kuweza kumkaribisha mama mtoto aweze kuja mbele ili tuweze kumshuhudia." Mama mtoto alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale. Ilipofika zamu ya ndafu, nayo ikawa "inakwenda kuweza kukatwa". Mbuzi mzima aliyechomwa, kavishwa majani mdomoni, naye ana uwezo! Huo wa kwenda ni ugonjwa wa pili, dada wa huu wa kwanza, na wote wawili naamini walilelewa na watu wanaowaza kwa Kiingereza kwanza halafu wanakivalisha kanzu. "Mtoto anakwenda kubatizwa" ni sentensi safi ikiwa mtoto yuko njiani kuelekea kanisani. Akiwa tayari mbele ya birika la ubatizo, maji yanamdondoka kisogoni, haendi popote. Anabatizwa.

Yupo na wa tatu, "alifanyiwa ubatizo". Huyo simjibu. Ubatizo si upasuaji.

Najua swali litakalofuata, kwa kuwa Moshi na Arusha zina ndugu wengi wa maji mengi. Watasema: sisi hatubatizi vichanga, kwetu mtu huamini, hutubu, kisha huingia mtoni kwa miguu yake. Je, huyo hakuweza? Naheshimu mafundisho yao, na sarufi inawapa nusu ya haki. Kuamini ni kwake, kuingia majini ni kwake. Ila akishafika kiunoni husimama akamwachia mchungaji kichwa na mgongo, naye hulazwa, huinuliwa, akipaliwa hupigwa mgongoni. Amebatizwa na mwingine. Ninayemfahamu aliyejaribu njia nyingine ni Mwingereza John Smyth, aliyejibatiza mwenyewe kule Amsterdam mwaka 1609, na wenzake walimsema sana. Huyo, ukitaka, sema aliweza. Wakristo wa Mashariki, Waorthodoksi, wameondoa kishawishi chote: kwao padri hasemi "nakubatiza", husema mtumishi wa Mungu fulani anabatizwa, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. W yetu ile ile, imewekwa katikati ya ibada.

Nisiwe mkatili kupita kiasi. Kuna waliostahili aliweza. Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 aliyeona maji njiani akauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe: aliuliza habari ya kizuizi, hakikuwepo, akabatizwa, ukisema aliweza sitakupigia kelele. Zaidi yake wapo wazee wetu. Makanisa mengi ya kimisionari Afrika yalikataa kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi mpaka awaache akabaki na mmoja. Mtu aliamini, akahudhuria mafundisho, akajua nyimbo kuliko kwaya, lakini kila mwaka jina lake liliachwa, na alirudi nyumbani kwa wanawake ambao hakuona wamekosa nini hata awafukuze. Wengine walibatizwa kitandani, saa za mwisho. Mzee wa namna hiyo akibatizwa, andika aliweza kubatizwa, uandike kwa herufi kubwa, maana neno zima limejaa miaka ya kungoja. Nawe utaona kwa nini nalilinda. Tukimpa kila kichanga cha Jumapili, yule mzee tutampa lipi?

Kwa hiyo, bibi, barua yako nyingine iandike hivi: "Mjukuu wangu alibatizwa Jumapili iliyopita." Ukitaka kumrembesha, andika alipokea ubatizo, ni Kiswahili kizuri, na kupokea hakudai nguvu, kunadai mikono tu. Kadi ya mwanao iende ilivyo, na faida zake zote. Mzee wa kanisa msalimie, mwambie neema ameitetea vizuri ila amekosea adui.

Mimi mwenyewe nilibatizwa nikiwa na wiki sita. Mama husimulia kwamba nilianza kulia mlangoni mwa kanisa na sikunyamaza hadi baraka ya mwisho. Hilo niliweza.