Kazi za utafiti wa biolojia kwa mhitimu wa Mwanza

Ndugu muulizaji, umeuliza kama mhitimu wa biolojia aliyeko Mwanza ni lazima ahamie Dar es Salaam ili apate kazi ya utafiti katika idara ya chuo kikuu. Si lazima. Nafasi za kudumu katika vyuo vya umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, lakini za msaidizi wa utafiti hutokana na fedha za mradi wa mhadhiri, hudumu kadiri mradi unavyodumu, na nyingi hazitangazwi hadharani. Hapo ndipo kuishi kwako kando ya ziwa kunapokuwa na thamani, kwa sababu mtafiti wa sangara, dagaa au kichocho anahitaji mtu anayeijua mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki, anayezungumza na wavuvi kwa heshima, na anayeweza kuchukua sampuli za maji alfajiri bila kuziharibu. Anza kwa kuomba kujitolea TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ambazo zote zina vituo hapa Mwanza na hushirikiana na watafiti wa vyuo. Barua yako itaje mradi husika na vipimo unavyovimudu. Nimesoma barua nyingi mno zisizotaja hata kiumbe kimoja, na ilinisikitisha, maana waandishi wake walikuwa vijana wenye uwezo.