Jibu: Mbona wafanyakazi wa China wanagoma lakini hawaungani?

Mkuu, umeuliza mwanasosholojia Ching Kwan Lee anaelezaje hilo la migomo kila leo bila umoja. Alilinganisha mikoa miwili ya China, hali ilivyokuwa wakati wa utafiti wake. Liaoning, kaskazini-mashariki, ni wazee wa viwanda vya serikali waliopunguzwa kazi, wanadai pensheni na malimbikizo ya mishahara. Hao huziba barabara. Guangdong, kusini, ni vijana waliotoka vijijini. Wao hushika Sheria ya Kazi ya 1994 mkononi, wanaanzia kwenye usuluhishi na mahakama, wakizungushwa sana ndipo wanaingia mtaani. Lakini wote hasira zao zinaishia kwa bosi na viongozi wa hapo hapo. Serikali kuu ya Beijing wanaikimbilia kama mtetezi. Halafu kila mmoja ana pa kuegemea, kwa hiyo hasukumwi hadi mwisho: mzee ana nyumba aliyouziwa kwa bei chee, kijana ana kipande cha shamba kwao.

Mimi binafsi navutiwa zaidi na utafiti wake wa miaka ya 1990. Aliingia mwenyewe kufanya kazi kwenye viwanda viwili vya kampuni moja, kimoja Hong Kong na kingine Shenzhen, mji wa Guangdong. Hong Kong, kina mama waliachiwa nafasi ya kushughulikia watoto. Shenzhen, mabinti walihitaji kibali hata kwenda chooni, na waliowasimamia mara nyingi ni ndugu au watu wa kwao. Kampuni ileile!

Ukimaliza hapo, tafuta alichoandika kuhusu Wachina kwenye migodi ya shaba Zambia.