Mdogo wangu, kutukanwa sio "abuse": neno moja lilivyonizikia malalamiko yangu

Juzi nimetoka shifti ya usiku nakuta meseji ya dada mmoja yupo Manchester, anafanya kea, kazi ya kutunza wazee, kama mimi, anasema dada kuna mwenzangu kazini ananitukana kila siku, nimeshamwandikia meneja ila naomba unisomee kabla sijatuma. Nikafungua. Mstari wa kwanza tu, "she is abusing me in the resident's room" ("resident" ndio mzee anayeishi pale), moyo ukanipasuka paa. Nikamjibu hapohapo, usitume, nakupigia nikiamka. Na leo naandika hapa kwa wote kwa sababu mimi nilituma, na sikuwa na wa kuniambia usitume.

Ilikuwa 2022, nina miezi mitano tu England, nyumba ya wazee, wazee arobaini na kitu. Kulikuwa na mama mmoja kazini tulikuwa tunapangwa pamoja asubuhi, yeye upande huu wa kitanda mimi upande ule, tukishaanza tu kumgeuza mzee naye anaanza, oh mzito, oh "useless", kwani kwenu watu hawatandiki vitanda, kila siku na mbele ya mzee anayesikia kila kitu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye maneno, kijembe nakijua, fumbo la kanga nalijua, mtu akinichamba kwa Kiswahili anaondoka na chake. Ila kwa Kiingereza nilikuwa bubu kabisa. Nilikuwa nalia chooni nanawa uso narudi kazini. Mwisho nikasema basi nitaandika, maandishi hayana aibu.

Nikaandika "she is abusing every morning in the resident's room". Kwangu mimi ni Kiingereza cha shuleni, mwalimu wetu akisema "don't abuse your friend" anamaanisha usimtukane mwenzio, na ukienda Kenya, ukienda Uganda, utasikia hivyohivyo. Kumbe kwenye kea Uingereza neno hilo ni king'ora. Likitajwa pamoja na chumba cha mzee, mtu anasikia mzee anapigwa, ananyimwa chakula, anaibiwa hela. Na kuna sheria ya 2014, Care Act, inayoitaka halmashauri ichunguze ikiwa na sababu ya kushuku mtu anayehitaji kutunzwa anateswa, kwahiyo meneja akisoma barua kama ile hana ruhusa ya kuiweka pembeni.

Mchana wa siku ileile yule mama akasimamishwa kazi. Nikaitwa ofisini, naulizwa ulimwona akimfanya nini mzee, mara ngapi, alama ziko wapi. Nikabaki nimeduwaa, nasema hapana, ananitukana mimi, na sasa naonekana nabadilisha maelezo. Wiki mbili nzima. Walivyoelewa mwishoni meneja akasema ni "misunderstanding", yule mama akarudi, na kazini hakuna aliyekuwa ananisalimia. Kinachoniuma mpaka leo sio hicho, ni kwamba yale matusi hakuna aliyeyauliza tena. Hata siku moja. Neno langu bovu lilizika kesi yangu mwenyewe.

Alivyorudi sasa na yeye akaja na neno lake. Ndio kipindi magazeti yote yanaandika kesi ya Rebekah Vardy na Coleen Rooney, wake wa wachezaji mpira, Vardy alimshtaki Coleen kwa posti ambayo Coleen aliiweka mtandaoni Oktoba 2019 akimtuhumu Vardy kwamba akaunti yake inavujisha habari za Coleen kwa gazeti, na Julai 2022 Vardy akashindwa. Chumba cha mapumziko hakuna stori nyingine. Basi yule mama akanisimamia mlangoni akaniambia nitakupeleka mahakamani kwa "libel". Sikulala siku mbili, nikijiuliza hela ya wakili naitoa wapi, viza yangu itakuwaje.

Ndio nikaanza kusoma haya maneno moja moja, na nikaenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, wakanisikiliza bure. "Slander" ni kumchafulia mtu jina kwa mdomo, "libel" ni kwa maandishi au kitu kinachobaki, posti za mtandaoni zikiwemo, na yote mawili yanaingia kwenye "defamation". Sio kila tusi. Kwa sheria ya England ya 2013 lazima ioneshwe kwamba jina la mtu limeumizwa sana au linaelekea kuumizwa sana. Na kubwa zaidi, ukilalamika kwa nia njema kwa mtu ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko, unayo kinga, inapotea tu ukiwa umeandika kwa chuki au unajua ni uongo. Hakunishtaki. Ila hakuna aliyewahi kuniomba radhi, hilo nalo niliseme.

Sasa mdogo wangu na wenzako mnaosoma. Sisi neno letu "kutukana" limebeba mizigo mingi, mtu akikuita mjinga kakutukana, akikutukania mama yako kakutukana. Kwa Kiingereza gawanya. Amekujibu vibaya, kakudharau, hiyo ni "she was rude to me", na usidhani ni neno dogo, Mwingereza akisikia "rude" anakaa vizuri kwenye kiti. Matusi ya nguoni ni "she swore at me". Kakupachika majina ni "she called me names". Anakuongelea kama mtoto ni "she talks down to me". Kakusengenya ni "she bad-mouthed me", wao kwa wao watasema "she slagged me off" ila hilo usiliandike kwenye barua. "Insult" nayo ipo, ukiitumia kama kitendo kaza sauti mwishoni. Na kama matusi yanagusa rangi yako, dini yako, ulikotoka, hapo sio "rude" tena, neno ni "harassment" na lina sheria yake ya 2010, usilipunguze kwa kuogopa.

Lakini hata hayo maneno usiyategemee sana. Andika alichosema. Kwa maneno yake yeye, tarehe, saa, nani alikuwepo. Narudia, andika alichosema, usiandike jina la alichofanya, jina wataliweka wao.

Na tuambiane ukweli, sisi wenyewe kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tunaandika fulani mwizi, fulani ana karatasi feki, halafu tunatupia emoji tunalala. Jina la mtu ni chakula chake hapa ugenini. Mimi nimeonja kuitwa mwongo kwa miezi, nimetoka kwenye grupu mbili kwa sababu hiyo na sirudi. Mwenyezi Mungu ametupa ulimi tuutumie kwa haki jamani.

Mwezi uliopita nimepandishwa, sasa ni "senior", yaani mtunzaji wa ngazi ya juu, malalamiko ya wasichana wapya yanapitia mikononi kwangu kabla ya kwenda kwa meneja. Nikiona "abuse" namwita mtu pembeni namuuliza kwa upole, niambie alisema nini hasa.

Yule dada wa Manchester tumeandika upya kwenye simu, mistari sita, tarehe tatu, maneno ya yule mtu kama yalivyo. Ametuma jana asubuhi. Mchana wameshamjibu, kikao Alhamisi saa nne. Ameniuliza kama anaweza kwenda na mtu, nikamwambia kikao cha malalamiko rasmi una haki ya kwenda na mwenzako wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, na daftari lako ulibebe. Amesema anakwenda na Mfilipino mmoja aliyekuwepo siku ya pili, naye aliyasikia.