Kamera inamaliza betri ya pikipiki

Swali: Nimefunga kamera ya mbele na ya nyuma. Pikipiki ikilala siku kadhaa haiwaki. Fundi anasema betri imechoka. Kweli?

Jibu: Usikimbilie kununua betri, ndugu yangu. Fungua kiti uangalie nyaya za kisanduku cha kurekodia zimeungwa wapi. Nashuku zote zimepelekwa moja kwa moja kwenye betri, hivyo kamera inanyonya umeme usiku kucha. Waya wa kuwashia kamera uungwe kwenye umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa tu, kama wa taa ya nyuma, tena kwa fyuzi. Kadi ya kumbukumbu ya kamera iwe ya kurekodi mfululizo. Ya kawaida hufa mapema kwa kufutwa na kuandikwa upya. Na lenzi ya nyuma, tafadhali, ifute tope kila mara: ikichafuka, namba ya gari lililokugonga haisomeki.