Maswali manne yatosha: kugeuza ukurasa wa intaneti kuwa somo

Mwaka jana niliingia darasani na ukurasa wa Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, nikiwa nimeutia maswali kumi na nne ndani, najiona fundi kweli kweli. Ukurasa wenyewe kuusoma hauchukui hata dakika kumi. Watoto wa Gredi ya 7, arobaini na kitu, laptopu nane, wamejibana watano watano sita sita kwa kila mashine, na intaneti yatoka kwa hotspoti ya simu yangu, bando langu mwenyewe. Robo saa haijaisha kundi la kwanza lishamaliza. Nikauliza, haya niambieni, Wareno ngome ile waliijenga ya nini? Kimya. Manake hawakusoma chochote, walikuwa wanarukia boksi la swali, wanapanda juu sentensi moja, wanaokota neno, wanaliandika, haooo mbele. Ilianza kujengwa 1593, ikaisha 1596, aliyeichora Cairati, Mtaliano. Yote sahihi na kichwani hamna kitu.

Kwa ambaye hajui nazungumzia nini: kuna programu ndogo ndogo za kuongeza kwenye brauza, ndizo watu wanaita ekstensheni, na baadhi yake zimetengenezewa walimu. Mimi nilianza na InsertLearning. Ukishaiweka kwenye Chrome unafungua ukurasa unaoutaka, unabofya alama yake, vifaa vinatokea pembeni, basi hapo unapaka rangi sentensi, unabandika kikaratasi cha maelezo, unatia swali katikati ya aya mbili ama hata video. Mwanafunzi aliyejiunga na darasa lako akifungua ukurasa ule ule anayakuta maswali pale pale ulipoyaweka, na majibu unayaona kwako yakiingia. Hypothesis nayo ni jamaa yake, ni ya bure, ila yenyewe hasa ni ya watu kuandika maoni pembeni ya maandishi na kujibizana. Kujifunza zote mbili ni jioni moja tu, hata kama wewe na kompyuta hamwelewani sana. Kazi yenyewe haiko hapo.

Kazi ni kuchagua swali likae wapi. Baada ya aibu ile nilirudi nyumbani nikauprinti ukurasa kwenye karatasi, nikausoma na kalamu kama mtoto, na kila nilipoona jicho langu limeteleza, yani nimepita bila kuwaza, nikatia alama. Nikapata sehemu saba. Nikapunguza zikabaki nne. Zote zilikuwa mahali ambapo maandishi yanasema jambo kubwa kwa sentensi fupi.

Mfano wa hiyo sentensi: Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 mpaka ikaanguka Desemba 1698. Basi, mstari mmoja, na wa pili wake ushaenda kwa habari nyingine. Mtoto anasoma kama anavyosoma namba ya matatu. Zamani ningeuliza "ngome ilizingirwa mwaka gani?" na ningejibiwa. Safari hii nikaikata hadithi hapo hapo nikaandika: hesabuni ni miezi mingapi, halafu mniambie nyinyi mko ndani mngekula nini.

Jamani. Kwanza walibishana hesabu, wengine miezi 24 wengine 36, ikabidi wahesabu kwa vidole mpaka wakafika 33. Halafu majibu yakaanza kuingia kwenye skrini yangu, kundi moja muhogo, kundi moja mahamri (kwa unga gani sijui), na kundi la nyuma likaandika samaki. Nikalisoma kwa sauti. Msichana mmoja wa mbele akageuka: "Samaki mtavua vipi na nje wako Waomani?" Yule wa nyuma: "Ticha, si bahari iko pale pale?" Akajibiwa, "Bahari iko lakini mlango umefungwa!" Mimi nimekaa kitako nasikiliza tu. Swali langu la tatu lilikuwa limewekwa chini kidogo, pale panapotajwa meli ya Wareno Santo António de Tanna iliyokuja kuiokoa ngome ikazama hapo hapo mbele yake mwaka 1697, na walipofika hapo sikuhitaji kueleza meli ya msaada ni kitu gani. Mmoja akasema "sasa wamekwisha" kwa sauti ya mtu anayetazama mpira.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, ukiweza kujibu swali kwa kunakili maneno ya mstari wa juu yake, lifute. La pili, usiyarundike mwishoni mwa ukurasa, manake hapo umerudi kwenye kitabu cha kawaida na bando umechoma bure.

Sasa mambo ya mashine, ambayo hakuna aliyeniambia mapema. Ekstensheni ya InsertLearning lazima iwekwe kwenye kila laptopu ya wanafunzi pia, si yako peke yako, kwa hivyo fika saa moja kabla. Na Chrome ya simu za Android haikubali ekstensheni kabisa. Nilikuwa nimewaahidi wazazi kwenye grupu la WhatsApp kwamba watoto watamalizia nyumbani kwa simu, usiku nikaanza kupokea "mwalimu mbona kwangu hayaonekani", na mimi namwambia kila mmoja aupdeti Chrome, wallahi nilivyowasumbua watu wale. Firefox ya simu inakubali ekstensheni kadhaa lakini si kila mzazi utamwambia aweke brauza ya pili.

Kwa simu nilichobaki nacho ni kitu kidogo sana na nakipenda. Kwenye Chrome ukichagua sentensi, kwa kompyuta ukabofya kitufe cha kulia cha mausi, utaona pa kunakili linki inayokwenda kwenye sentensi ile ile. Unaituma kwa grupu, mzazi akiibofya, kwenye brauza nyingi ukurasa unafunguka moja kwa moja pale, sentensi imepakwa rangi. Swali lako unaliandika kwenye meseji yenyewe. Hakuna ekstensheni, hakuna kujisajili.

Na siku intaneti imegoma ama stima imepotea? Hapo nina ujanja mwingine ila nao uliniliza. Mapema, intaneti ikiwepo, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu inayoitwa Console, andika document.designMode = "on" kisha Enter. Ukurasa wote unakuwa kama karatasi ya Word, unafuta matangazo, unaandika maswali yako katikati ya aya. Chrome ikikukataza kupaste hapo, andika kwa mkono. Mabadiliko yako kwenye mashine yako tu, ukurasa wenyewe kule uliko haujaguswa. Ukimaliza nenda kwenye kuprinti, uchague kusevu kama PDF, uweke kwenye flashi, hata bila mtandao somo lipo. Niliwahi kukaa saa nzima napanga ukurasa wa mikoko, nimeremba kweli, halafu nikabonyeza refreshi kwa mazoea. Ukarudi ulivyokuwa, wala hakuna pa kuomba radhi. Sevu kila mara. Na ukitumia kurasa za Wikipedia kwa namna hii leseni yake inaruhusu kubadilisha mradi utaje ulikotoa, useme umebadilisha, na ukisambaza iwe kwa leseni ile ile, kurasa za wengine bakia nazo darasani usizisambaze.

Kuna watoto wanaosoma polepole, na kwa hao nafungua ukurasa kwa Edge ambayo ina kisomaji chake chenye sauti za Kiswahili cha Kenya, moja inaitwa Zuri nyingine Rafiki. Ukurasa uwe wa Kiswahili lakini, na zinahitaji intaneti. Siku ya kwanza darasa zima lilicheka, wanamwita Rafiki "anko wa redio". Siku ya tatu walikuwa wanagombea hedifoni.

Jambo moja sitanii nalo: usiwasajili watoto ovyo ovyo. Huduma nyingi hizi zinataka mtu awe na miaka 13, na Gredi ya 7 nusu yao wana 12. Halafu sheria yetu ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Mimi natumia akaunti moja kwa kila laptopu, jina ni la kundi, Papa, Pweza, Kaa, Kamba, hakuna jina la mtoto popote. Kwenye Hypothesis pia kumbuka ukiandika bila kufungua kikundi chako cha faragha maoni yanaonekana na dunia nzima.

Mwaka huu nilirudia somo lile lile la Fort Jesus na darasa jipya, maswali yangu yale yale manne ambayo nilikuwa nayaonea fahari. Tulipomaliza, wengine washatoka, mvulana mmoja wa kundi la Pweza akabaki anafunga laptopu taratibu. Akaniambia, "Ticha, umeuliza chakula. Maji je?"

Nimesoma ukurasa ule labda mara ishirini. Usiku ule nikaufungua tena nikatia la tano, pale pale chini ya miezi 33.