Maswali ya Wasomaji: Centaur au Contessa, ipi inatufaa Ziwa Victoria?

SWALI: Mzee habari za kazi. Mimi na mke wangu tuko Kampala, tunatafuta boti ya matanga ya faiba, ya zamani kwa sababu mpya hatuiwezi, na sasa tumebaki na mbili tu, Westerly Centaur ya mwaka 1973 na Contessa 26 ya 1975, bei zimekaribiana. Tunataka kuzunguka visiwa vya Ssese, kuingia mbio za wikendi, na kuishi humo ndani kama mwaka mmoja hivi wakati tunajenga. Marafiki wamegawanyika, huyu anasema Centaur ni nyumba, yule anasema Contessa ndiyo chombo. Wewe unasemaje? Na ukiweza tuambie kuhusu choo pia, mke wangu anauliza.
Msomaji, Ggaba

JIBU: Ndugu yangu, marafiki zako wote wawili wamesema kweli, shida ni kwamba unataka kazi tatu kwa chombo kimoja, kwa hiyo angalia ipi utaifanya kila siku. Mbio ni wikendi, Ssese ni mara moja moja, lakini kulala, kupika na kupishana humo ndani ni asubuhi na jioni mwaka mzima, na hapo mke wako ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Urefu zimelingana karibu, Centaur mita 7.9 na Contessa pungufu kidogo, ila upana Centaur ina mita 2.57 na Contessa 2.29. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni kitu kidogo, ingia ndani sasa uone, Centaur ilichorwa na Laurent Giles, ofisi ya wachoraji wa boti, iwe boti ya familia, vitanda hadi sita, mtu anasimama, na Westerly walizitoa toka 1969 mpaka 1980, zaidi ya 2,000, kwa hiyo ushauri na spea za kuagiza Uingereza bado zipo. Contessa ilichorwa na David Sadler, alifuata umbo la Folkboat, boti ndogo ya matanga ya Skandinavia, nyembamba, imelala chini majini, na mtu mrefu humo ndani atainama mwaka mzima.

Kwenye maji mambo yanageuka. Contessa inakwenda joshi vizuri, yaani kuelekea upepo unakotoka, inakata wimbi, haikutishi. Tania Aebi alitoka New York mwaka 1985 akiwa na miaka 18, peke yake, na Contessa 26, akazunguka dunia na kurudi 1987. Centaur ukiibisha dhidi ya upepo inateleza kando, mikuku yake miwili, yaani yale mapezi ya chini ya boti, ni mifupi, utafika lakini utachelewa.

Sasa hiyo mikuku miwili ndiyo wengi wanainunulia bila kufikiri tuko wapi. Uingereza maji ya bahari yanakupwa na boti inabaki imesimama wima kwenye matope, raha sana, lakini ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo, faida hiyo huku haipo. Zinabaki mbili. Moja, inahitaji kina cha sentimita 90 hivi na Contessa inataka mita 1.2, na ukikaribia mwalo wenye mchanga au mafunjo hizo sentimita 30 utazishukuru. Pili, ukiipandisha nchi kavu inasimama yenyewe bila kutengenezewa kitanda cha vyuma, na kwa huku kwetu ambako kreni ya boti ni ya kutafuta, mimi naihesabu hiyo kuwa pesa kabisa.

Upepo wetu asubuhi mara nyingi ni mdogo na boti zote mbili ni nzito, Centaur tani tatu hivi, Contessa kama mbili na nusu, kwa hiyo yoyote utakayochukua iwe na tanga kubwa jepesi la mbele. Na tafadhali msivuke usiku kwenda Kalangala, tufani za ziwa hili zinapenda usiku na alfajiri, maboya ya kuvaa yawe ya kila mtu, na tanga lipunguzwe mapema kabla hujaona haja.

Mbio nitasema kwa kifupi. Bila handikapu, yaani boti ya polepole kufidiwa muda, hakuna hata moja itakayokupa kikombe, kama mbio ndizo zinakukosesha usingizi nunua dingi, kiboti kidogo cha wazi cha matanga, ya mtumba pembeni.

Kabla ya kulipa, boti itolewe majini, muuzaji akikataa achana naye. Maji baridi ya ziwa, tena ya joto, yanapenya faiba kirahisi kuliko ya chumvi na kuleta malengelenge chini ya jelikoti, lile ganda la nje linalong'aa, basi gonga gonga na nyundo ndogo usikilize sauti butu, ukanyage na deki yote uone kama inabonyea. Kwenye Centaur fungua sakafu uangalie pale mikuku inapofungwa, ukiona nyufa, kutu inayotiririka kwenye bolti, au mkuku unacheza ukiusukuma, hiyo ni kazi kubwa. Contessa haina bolti hizo, uzito wa mkuku umefungiwa ndani ya faiba, ila chini ya mkuku pakigongwa na mwamba maji huingia na kukaa humo. Waya za mlingoti zikipita miaka kumi badilisha zote, na kama boti ilikuwa baharini toa anodi za zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya chuma cha boti, uweke za magnesiamu, kwenye maji baridi zinki hailindi chuma vizuri.

Kwa nyinyi wawili mimi nachukua Centaur, mikuku ikiwa mizima. Ikiwa inacheza nachukua Contessa na kupanga chumba Ggaba mpaka nyumba iishe.

Kuhusu choo, mwambie shemeji awekewe tangi la kuhifadhia uchafu, mlitoe nchi kavu, msimwage ziwani, watu wanachota maji hayo hayo na kichocho kinaenea hivyo hivyo. Tena aweke nyavu kila dirisha na kila tundu la kuingia, kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakija wanakuja kama moshi, na mbu wa malaria hawahitaji mwaliko.